Jezi za Tetroni

Mabegi yao yalibaki uwanja gani wa ndege, hata wenyewe hawakujua.
Walikuja dukani saa tatu asubuhi, wanaume kumi na wawili,
wekundu kama kamba wa kuchemshwa,
mbele yao kijana wa kamati, kitambulisho shingoni:
"Bi Zuwena, jezi kumi na mbili. Mechi saa kumi.
Rangi ya mbingu. Ndiyo bendera yao."

Kazakistani.
Nililitamka mara tatu, likanikaa mdomoni kama kokwa ya ukwaju.
Mtaa wa Biashara mzima, leso zimejaa hadi dari,
buluu ya mbingu hakuna,
ila tetroni: jora la mashati ya shule ya msingi.
Nikawaambia, haya, leo mtakuwa darasa la nne.
Hawakuelewa. Walicheka kwa adabu.

Sikuwaambia kipa wa Kenya ni nani.
Sikuwaambia ni nani aliyevunja kioo cha kabati hili
akiwa na miaka saba, kwa mpira wa makaratasi,
wala magoti ya nani nimeyatia viraka
suruali baada ya suruali.

Cherehani haiulizi upande.
Futi shingoni, nikawapima mmoja mmoja,
kifua, bega, bega, kifua.
Mkubwa wao, namba tisa, alinyanyua mikono juu
kama mtoto anayevishwa shati la Idi,
kwapa bado lanuka safari.
Jina lake refu halikuenea mgongoni.
Nikalipunguza herufi mbili; Mungu anisamehe, na mamake pia.

Saa saba stima ikapotea.
Nikazungusha gurudumu kwa mkono,
jirani yangu Mwanamvua akinishikia kitambaa,
jasho likidondoka juu ya mataifa ya watu.
Ile tisa ikatoka imeinama upande,
kama mtu anayesikiliza mlangoni.
Sikuwa na wakati wa kuinyoosha.

Tononoka, saa kumi.
Zulia la nyasi bandia limetandikwa,
lanuka mpira mpya uliopikwa na jua.
Sita kwa sita.
Uwanja mdogo kama ua wa nyumba ya arusi:
hapana pa kujificha, hapana pa kuvutia pumzi,
pasi mbili tu, ushabisha hodi kwa mtu.
Nyuma ya goli muuza viazi karai alisahau mafuta yake,
viazi vikaungua, na hakuna aliyelalamika.

Swabiri akaokoa la kwanza kwa mguu,
la pili kwa kifua,
la tatu kwa uso. Jukwaa la mabati likanguruma.
Nilipiga ukelele hadi buibui likaniteremka mabegani.
Moja kwa moja. Dakika ya thelathini na nane.
Namba tisa akalipa goli mgongo,
akaugandisha mpira chini ya soli,
na mwanangu, nilimwona kwa macho haya,
akautazama mgongo ule
akatabasamu. Nusu tabasamu. Kiasi cha kupepesa jicho.

Mpira ukapita katikati ya miguu yake
polepole, kama paka anayeingia jikoni.

Nilikuwa nimeshasimama.
Sikujua nimemsimamia nani.

Alirudi baada ya Isha. Akala mahamri manne ya asubuhi,
makavu, bila chai.
Kisha akatoa mkobani jezi ya buluu, ingali imelowa.
"Tumebadilishana," akasema. Akaitandaza juu ya meza.
"Alipogeuka, mama, niliona uzi unaning'inia kwenye tisa.
Nikajiambia, mtu mmoja tu Mombasa nzima
asahauye kukata uzi."

Sikuomba radhi. Naye hakudai.
Keshokutwa yule bwana ana mechi nyingine,
mabegi hayajafika, na sasa hana jezi;
itanibidi nimshonee tena.

Nikaisogeza taa,
nikauinamia ule uzi, nikauuma kwa meno.
Haukukatika mara ya kwanza.